Kiboko Kwenye Kumi na Nane

Mama Nyasi alipoingia uwanjani saa kumi na mbili asubuhi, alidhani mtu amemwaga kifusi karibu na goli la kaskazini. Alisimama kwenye mlango mdogo wa wafanyakazi, ufunguo bado mkononi, akaanza kuwasema kimoyomoyo watu wa jukwaa la matangazo, maana ndio waliokuwa wakiingiza magari tangu jana yake. Kisha kifusi kikageuza shingo, kikang'oa fumba la nyasi, kikatafuna.

Alikuwa kiboko jike.

Hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, akaongeza ya pili, akauvuta mlango taratibu mpaka ukashika. Alikuwa ameutunza uwanja ule miaka kumi na tisa. Alishapambana na ukame, na ukungu wa nyasi, na kamati mbili zilizotaka kuleta kapeti la plastiki, na tamasha la muziki lililoacha visoda vya chupa mpaka kwenye mizizi. Wachezaji ndio waliompa jina la Mama Nyasi, likamganda hata kwenye barua za ofisi. Lakini hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya mgeni wa zaidi ya tani moja anapokula eneo la penalti asubuhi ya fainali.

Ukweli ni kwamba majirani wale wawili, uwanja na hifadhi ya wanyama, walikuwa wamekaribiana mno. Nyuma ya jukwaa la kaskazini palikuwa na kijia cha vumbi, kisha mtaro wa maji ya mvua, kisha uzio wa hifadhi, na ng'ambo ya uzio lile bwawa la viboko. Aliyekaa safu ya juu kabisa aliweza kuwatazama twiga wakipita vichakani mpira unapokuwa umetoka nje. Wageni wa jiji walizoea kushinda huko kutwa nzima, simba asubuhi, mpira jioni. Likifungwa goli zito, kelele zikipanda, korongo wa bwawani waliruka wote kwa pamoja kana kwamba nao wana timu. Miaka yote hiyo hakuna mnyama aliyewahi kuvuka kuja upande wa mpira, ukimtoa tumbili mmoja aliyeondoka na kibendera cha kona.

Usiku wa kuamkia fainali mvua kubwa ilinyesha. Maji ya mtaro yaling'oa wavu wa chuma uliokuwa chini ya uzio. Wakati huohuo lori lililoleta spika lilikuwa limezama kwenye tope kando ya geti la magari, tairi la nyuma likazuia geti kufungwa, na walinzi wakaenda kujikinga upande wa pili. Kiboko alitoka majini kutafuta malisho kama viboko wote wafanyavyo, akafuata mtaro, akakutana na nyasi zilizokatwa, zikamwagiliwa na kulishwa mbolea mwezi mzima. Angekuwa mjinga kuzipita.

Mama Nyasi alimpigia Meneja wa uwanja, Meneja akapiga hifadhini na polisi, na saa moja ilipofika wote walikuwa wamesimama nyuma ya mlango wa chuma wa jukwaa la magharibi, wakichungulia kwa zamu. Meneja alikuwa na tai mfukoni na povu la dawa ya meno pembeni mwa mdomo. Afande aliyeongoza polisi alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, na hakuzungusha maneno. Alisema mashabiki wangeanza kujaa nje ya mageti kabla ya saa sita, wengine na watoto mabegani, na yeye hakuwa tayari kumwona kiboko katikati ya umati.

"Nawapa mpaka saa nne," alisema. "Ikifika saa nne bado yumo, nitampiga risasi. Sitafurahi, lakini nitapiga."

Alikuwa na haki. Mama Nyasi alimtazama yule mnyama kupitia upenyo wa mlango. Alikuwa ameacha kula. Alisimama ameelekeza uso kwenye handaki la wachezaji, lile linaloshuka kwenda vyumba vya kubadilishia nguo, masikio yakipepea, na mgongo wake ulikuwa na mikwaruzo ya wavu. Mama Nyasi alijikuta anamwonea huruma, jambo lililomshangaza, maana nusu saa nyuma alikuwa akizihesabu nyayo zake kwenye nyasi na kulia ndani kwa ndani.

Gari la hifadhi likafika. Askari wa wanyamapori watatu wakashuka, na aliyetangulia, mrefu, mwembamba, kofia kwapani, alikuwa mkwewe.

Alimwendea moja kwa moja kabla ya kumsalimia Meneja wala Afande, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Mama Nyasi, akiangalia viatu vya yule kijana badala ya uso wake.

Hivyo ndivyo walivyokuwa kwa miezi minane, tangu binti yake wa pekee, mwalimu wa darasa la kwanza, alipoolewa. Mama Nyasi hakuwa na neno baya la kusema juu ya tabia ya mkwewe. Alichokataa ni kazi yake. Mume wake mwenyewe, fundi umeme wa uwanja huohuo, alikuwa ameanguka kutoka mnara wa taa miaka kumi na mmoja iliyopita, akifunga balbu mchana kweupe. Baada ya hapo alimlea binti yake peke yake, na alichoomba ni kimoja tu: mtoto asimletee mwanamume mwingine wa kumweka roho juu. Mtoto akamletea mtu anayeamka asubuhi kwenda kufuatilia nyati waliojeruhiwa. Siku ya harusi Mama Nyasi alikaa safu ya mwisho karibu na mlango, akaondoka chai haijamiminwa. Hakuwahi kukanyaga nyumbani kwao. Binti alikuja kumwona kila Jumamosi, peke yake, wakazungumza kila kitu isipokuwa hicho.

Mkwe alichungulia kwa darubini muda mrefu. Halafu akauliza kwa nini kiboko haondoki pale kwenye mdomo wa handaki, na wakati jua limeshachomoza alipaswa kuwa majini zamani. Akawaomba wote wanyamaze. Ndipo waliposikia, kutoka chini ya jukwaa walilosimama, sauti kama ya mlango unaokwaruza sakafu, fupi, ikirudiwa.

"Ana ndama," alisema mkwe. "Ameshuka ngazi, kupanda kumemshinda."

Kila kitu kikaeleweka, na kila kitu kikawa kigumu zaidi. Jike lisingeondoka bila mtoto wake, na yeyote ambaye angemgusa mtoto lingemkata vipande viwili. Mkwe alimpigia daktari wa wanyama, ambaye alikuwa safarini, mwendo wa saa tano kutoka pale. Daktari alisema kwamba hata angekuwepo asingependa kumchoma sindano ya usingizi kiboko aliye kwenye jua, kwa kuwa wengi hawaamki. Mkwe alikata simu, akasimama ameshika kiuno. Akasema hofu yake nyingine ni ngozi. Kiboko akikaukia juani hupasuka ngozi, na kiboko anayeumwa ngozi hana subira na mtu. Laiti kungekuwa na maji, angalau angetulia.

"Maji ninayo," alisema Mama Nyasi.

Wote wakamgeukia. Yeye mwenyewe alishtuka kuisikia sauti yake. Akaeleza kwamba chini ya nyasi zile kuna laini nane za vinyunyizio, na kila laini ina vali yake kwenye chumba cha pampu, chini ya jukwaa la kaskazini, ambako kuna dirisha dogo lenye nondo usawa wa uwanja. Aliweza kunyesha mvua kwenye kona yoyote aliyotaka na kuacha kona nyingine kavu.

Mkwe alimtazama, kisha akaangalia uwanja, kisha akamtazama tena, na Mama Nyasi akaona jinsi akili yake ilivyokuwa ikitembea. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, hilo hakuweza kumnyima.

Mpango wakaupanga kwa maneno machache. Waache uwanja ukauke mpaka jua limkere jike. Kisha Mama Nyasi afungue laini ya kaskazini peke yake, karibu na geti la magari, na jike likifuata maji, mkwe na mwenzake waingie handakini kwa mlango wa nyuma wa maegesho, wambebe ndama, wazunguke naye kwa nje mpaka kwenye mtaro. Pale ndama angelia, jike lingesikia sauti yake inatoka upande wa geti, lingetoka kumfuata, na kutoka mtaroni mpaka bwawani njia ilikuwa wazi. Kilichobaki ni jinsi ya kumbeba ndama wa kilo sitini mwenye utelezi wa sabuni.

"Machela," alisema Meneja. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo tangu Afande ataje saa nne. "Ile ya kubebea wachezaji walioumia. Ina mikanda."

Mmoja wa askari alicheka, akaona wengine hawacheki, akaenda kuileta.

Mkwe alibaki nyuma kidogo na Mama Nyasi. "Mama," alisema, "siwezi kukuomba ukae chumba kile. Dirisha liko hatua ishirini tu kutoka atakapokuja kusimama."

"Hukuniomba," alisema Mama Nyasi. "Vali mbili zina kutu, na mtu anayejua kuzibembeleza ni mmoja."

Akapewa redio ya upepo, akaonyeshwa kitufe cha kubonyeza, akazunguka jukwaa kwa nje mpaka chumba cha pampu.

Chumba kilinuka dizeli na mpira wa mabomba. Alikijua kwa vidole. Alijifungia kwa komeo, akaweka redio juu ya kopo la rangi nyeupe ya mistari, akasogeza uso dirishani. Jike lilikuwa bado kwenye mdomo wa handaki, likihema, ngozi imeanza kutoa yale majimaji mekundu ambayo mtu asiyejua angedhani ni damu. Saa mbili ikapita. Saa mbili na nusu. Mama Nyasi alisikia kwenye redio Afande akiulizia muda, kwa upole uleule.

Saa tatu kasoro robo mkwe akasema, "Sasa, mama."

Alishika vali ya kaskazini kwa mikono miwili. Iligoma, kama kawaida yake. Akaipiga kofi, akaizungusha nyuma kidogo, akaipeleka mbele, ikaachia. Pampu ikanguruma, na pale nje vinyunyizio sita vikainua vichwa, vikatema upepo, kisha vikaanza kumwaga mvua laini kuanzia goli mpaka karibu na geti la magari.

Jike liligeuza kichwa. Lilitazama maji, likatazama handaki. Lilipiga hatua, likasimama, likarudi nyuma. Mama Nyasi akafikiri jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akisimama usiku kwenye mlango wa chumba cha binti yake, mwaka ule wa msiba, asiweze kwenda kulala wala kuingia. Hatimaye jua likashinda. Kiboko alivuka nusu ya uwanja kwa ule mwendo wa haraka usiotarajiwa wa mnyama mnene, akaingia mvuani, akajilaza ubavu kwenye kumi na nane, akafumba macho.

"Amelala," Mama Nyasi alisema kwenye redio. "Ingieni."

Kilichotokea handakini alikuja kusimuliwa baadaye. Ndama alikuwa amejibana chini ya benchi la timu ya wageni. Mkwe alimfunika taulo kichwani ili asione, wakamkunja kwenye machela, wakafunga mikanda, wakapita naye kwenye korido huku akiwapiga teke mbavuni. Hakulia mpaka walipofika maegesho. Hapo akatoa mlio mmoja mkali.

Jike likainuka mara moja. Halikuelekea getini. Lilirudi mbio kwenye handaki, kwa kuwa ndiko lilikomwacha mtoto, likashusha mguu wa mbele kwenye ngazi ya kwanza. Lingeshuka, lingepita korido yote na kutokea maegesho, nyuma ya mgongo wa watu wawili waliobeba machela. Mama Nyasi aliona hilo kabla hajalifikiri. Alifungua laini ya magharibi kwa nguvu zake zote, mpaka mwisho, na vinyunyizio vilivyokuwa pembeni ya handaki vikalipuka usoni mwa mnyama. Jike likapepesuka, likarudi nyuma, likapiga chafya kubwa kama ya ng'ombe. Katika ule mshangao likasikia mlio wa pili, na safari hii ulitoka kaskazini, nje ya geti.

Likaondoka. Lilipita mbele ya dirisha la chumba cha pampu karibu kiasi kwamba maji yaliyoruka kutoka mwilini mwake yalimwagikia Mama Nyasi mikononi. Likatoka getini. Akasikia bati la lori likigongwa. Akasikia mtu akisema neno moja kwenye redio, neno lililokatika katikati. Halafu hakusikia kitu.

"Mkwe," alisema kwenye redio. Hakuwahi kumwita hivyo. "Mkwe, nijibu."

Redio ilikwaruza tu.

Mama Nyasi alifungua komeo. Hakukumbuka baadaye kama alifunga pampu au la. Alikimbia kwa viatu vyake vya mpira chini ya jukwaa, akatokea kwenye kijia cha vumbi ambacho sasa kilikuwa tope tupu. Machela ilikuwa imetupwa, mikanda wazi, taulo kandokando. Yule askari mwingine alikuwa juu ya paa la lori, amekumbatia spika, akionyesha kidole mtaroni asiweze kusema. Mtaroni maji yalikuwa yakitikisika, na mbali kidogo, pale wavu ulipong'oka, mgongo mpana ulikuwa ukipita chini ya uzio, na mbele yake mgongo mdogo, ukisukumwa na pua.

Hakumwona mkwewe popote. Aliangalia mtaro, akaangalia kijia, akaangalia tena mtaro.

"Mama," ilisema sauti kutoka karibu na miguu yake. "Naomba usikanyage hapo, ni mkono wangu."

Alikuwa chini ya lori. Aliruka huko jike lilipotokea getini, akazama kwenye tope mpaka kidevu, redio ikazama pamoja naye. Ilibidi avutwe na watu wanne, na kiatu kimoja kikabaki humo. Alipotoka alikuwa na rangi moja kutoka kichwani mpaka chini, macho tu ndiyo yaliyokuwa ya mtu. Alisimama mbele ya Mama Nyasi, akajipangusa mkono kwenye shati lisilo na sehemu safi, akaona haifai kitu, akauficha nyuma.

Mama Nyasi akakaa chini, palepale kwenye maji. Hakuanguka, alikaa kwa hiari yake, kwa kuwa hakuona sababu ya kuendelea kusimama. Alicheka kidogo, kisha akalia kidogo, na mkwewe akachuchumaa kando yake, mguu mmoja peku.

"Sikuwahi kukuchukia wewe," alisema Mama Nyasi.

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Mwanao aliniambia. Alisema nikuache tu, nisikusukume."

Mama Nyasi alitikisa kichwa. Walikuwa wamemhifadhi muda wote huo kama mgonjwa, wale watoto wawili, na yeye akijiona ndiye anayewavumilia.

Afande alikuja, akahakikisha kwa macho yake kwamba jike na ndama wameingia bwawani, akaangalia saa. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Yeye mwenyewe alitoa risasi kwenye bunduki za askari wake, moja baada ya nyingine, akavuta pumzi ndefu, akauliza kama kuna chai mahali. Ilionekana kuwa hakuna aliyeshukuru kuliko yeye.

Kitu kimoja kilibaki kabla ya kazi. Mama Nyasi aliomba simu kavu, ya kwake ilikuwa imelowa, akampigia binti yake shuleni. Siku mume wake alipoanguka, aliyempigia alikuwa mtu mwenye adabu zake. Alianza na habari za asubuhi, akauliza mtoto hajambo, akauliza kazi inaendaje, na Mama Nyasi akazijibu zote kwa furaha, hajui kwamba mwenzake anazidi kuzitafuta salamu ili asifike kwenye neno lenyewe. Tangu siku hiyo, simu ikilia mchana, mikono yake huwa baridi.

"Mzima," alisema Mama Nyasi mara binti yake alipopokea. "Mumeo mzima kabisa. Nimeanza na hilo. Sasa, hujambo?"

Upande wa pili sauti za watoto wakisoma silabi zilisikika kwa mbali.

"Mama, umesema nani?"

"Mumeo. Mkwe wangu. Yuko hapa ananawa miguu kwenye bomba langu."

Binti akaanza kucheka kile kicheko kinachofanana na kilio, akawaambia watoto waendelee kusoma, mwalimu anakuja.

Halafu Mama Nyasi akaingia kutazama uharibifu. Haukuwa mdogo. Kwenye kumi na nane ya kaskazini palikuwa na mashimo ya nyayo yanayoweza kumeza mpira, upana wa kitanda cha watu wawili ulikuwa umeliwa mpaka udongoni, na katikati ya duara la kati mgeni alikuwa ameacha shukrani zake, zimetapakaa kama kawaida ya viboko. Lakini nyuma ya jukwaa la mashariki kulikuwa na kitalu chake cha nyasi za akiba, ambacho kila mwaka Meneja alikuwa akimuuliza kina kazi gani. Hakumkumbusha. Alimpa toroli.

Walifanya kazi kwa muda wa saa nne bila kukaa. Meneja alibeba vipande vya nyasi begani, tai bado ikining'inia mfukoni. Polisi wawili walishika kamba ya kunyoosha mistari. Wapanga viti, fundi wa spika, askari wa hifadhi, wote walipiga magoti pale wakishindilia kingo za vipande kwa viganja, huku Mama Nyasi akipita nyuma yao na kuwarekebisha bila huruma. Mkwe aliambiwa apumzike, akakataa, akapewa kusafisha duara la kati kwa kuwa ndiye aliyekuwa na uzoefu wa aina ile ya uchafu. Alipita na koleo peku, anapiga mluzi. Hata yule askari aliyekuwa amekumbatia spika sasa alikuwa akisimulia kwamba alipanda juu ili aone vizuri, na watu wakamwacha asimulie.

Saa nane mwamuzi alikuja na viatu vyake vinavyong'aa, akatembea kumi na nane yote, akakanyaga kwa kisigino hapa na pale, akauliza kwa nini upande ule ni kijani zaidi. Meneja akamwambia walifanya matengenezo madogo. Mwamuzi akasema laiti viwanja vyote vingetengenezwa asubuhi ya mechi, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka.

Ndipo uchovu ulipomshika Mama Nyasi. Nguo zilikuwa zimelowa, zikakauka, zikalowa tena. Kwake kulikuwa ng'ambo ya jiji, na barabara zilikuwa zimejaa mashabiki. Meneja alimwambia aondoke akalale, msaidizi wake angeshika zamu, na kama angemwona tena pale kabla ya kesho angemfungia kwenye chumba cha pampu.

"Mama," alisema mkwe, "nyumbani kwetu ni hapo tu nyuma ya shule. Dakika kumi kwa miguu. Kwa mguu mmoja, kumi na tano."

Kwa miezi minane Mama Nyasi alikuwa akipita mwanzo wa mtaa ule akiangalia upande mwingine. Sasa aliufuata mpaka mwisho, yeye na kijana wa tope, watu wenye jezi wakiwapisha na kugeuka kuwatazama. Binti alikuwa mlangoni. Alikuwa amekimbilia nyumbani mapema kutoka shuleni, chaki bado kwenye vidole, na hakujua amkumbatie nani kwanza, hivyo akawakumbatia wote wawili kwa pamoja na kuharibu gauni lake.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili safi, ghorofa ya pili, pazia la bluu, picha ya harusi ambayo Mama Nyasi alijiona humo kwa mbali, nusu uso, karibu na mlango. Hawakuizungumzia. Alipewa maji ya moto ya kuoga, kanga ya binti yake na kikombe cha chai, akalazwa kwenye kochi lililokuwa fupi kidogo kwa miguu yake. Alisikia mkwewe akioga muda mrefu, na binti yake akimuuliza maswali kupitia mlango, na mkwewe akijibu yale tu yasiyotisha. Alilala katikati ya jibu mojawapo.

Kilichomwamsha ni uwanja. Kelele zilikuja kwa dirisha zikajaza chumba chote, zikatetemesha vijiko ndani ya glasi. Mkwe, aliyekuwa sakafuni akipaka rangi viatu vyake vya zamani, alisimama akatoka kwenye baraza kumuuliza jirani mwenye redio. Akarudi na uso wa mtu aliyebeba habari asizozipenda.

"Goli, mama. Upande wa kaskazini." Alisita kidogo. "Wanasema kipa ameteleza."

Mama Nyasi alilifikiria hilo macho yakiwa yamefumbwa.

"Kipa yule huteleza hata kwenye saruji," alisema, akajigeuza upande wa pili, akavuta kanga mpaka shingoni.